Mlango wa Dereva

Mtaani kote alijulikana kama Fundi Kioo, na kama aliwahi kuwa na jina jingine basi lilibaki kwenye kitambulisho. Jina hilo hakupewa bure. Meza ikitoka mikononi mwake ungeweza kuiinamia ukachana nywele. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mfupi wa kimo, mpana wa kifua, vidole vimekakamaa kwa gundi na vanishi, na tangu ujana hakuwahi kufanya kazi nyingine zaidi ya kupaka na kung'arisha samani. Mkewe alikuwa na msemo wake: alidhani ameolewa na mwanamume, kumbe ameolewa na msasa.

Kung'arisha ni kazi njema, lakini ina siri yake, na siri hiyo Kioo aliijua kuliko wengi. Ubao una ufa? Changanya gundi na unga wa mbao, ziba, piga msasa, paka vanishi. Kiungo hakikukaa sawa? Ziba. Msumari umepasua ukingo? Ziba. Mteja akipitisha kiganja hasikii kitu, anashukuru, anaondoka na meza yake, na kila mtu analala usingizi wake. Mtu akifanya hivyo miaka thelathini, mazoea yanaingia mpaka kwenye mifupa. Sisemi kwamba Kioo alikuwa mwongo. Nasema tu kwamba akikosea, mkono wake ulitafuta puti, ule mchanganyiko wa kuziba, kabla mdomo haujatafuta neno.

Alikuwa na dada mmoja, aliyemtangulia kwa miaka tisa, mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache. Mama yao alipofariki ndiye aliyemlea. Kioo akiwa na miaka saba alivunja chimni ya taa ya baba kwa kupiga mpira wa matambara ndani ya nyumba. Baba aliporudi akauliza nani, dada akasema ni yeye, akachapwa yeye. Hakuwahi kuitaja tena taa ile. Kioo naye hakuitaja, ila kuikumbuka aliikumbuka.

Dada huyu alifiwa na mumewe miaka miwili kabla ya mambo haya. Marehemu aliacha gari dogo la bluu, alilolipenda kama mtoto wa mwisho. Kwa miaka kumi na tisa aliliendesha kwa mkono mmoja, ule wa kulia ameutoa dirishani na kuulaza juu ya mlango, saa ya chuma mkononi. Ungemwona anakuja toka mbali ukajua ni yeye kwa ule mkono. Siku hizi saa hiyo aliivaa dada. Ilimpwaya, ikamteleza mpaka karibu na kiwiko, na kila aliposhauriwa aipeleke ikapunguzwe pingili alijibu kwamba haimsumbui.

Binti yake alipokaribia kujifungua katika mji wa mbali, dada akaamua kwenda kukaa naye miezi miwili na nusu. Gari akalileta kwa mdogo wake, akaliegesha mwenyewe chini ya paa la karakana.

"Mdogo wangu," alisema, "Jumamosi kwa Jumamosi uiwashe dakika kumi, betri isije ikalala. Usiende nayo popote."

"Dada, mimi na safari wapi na wapi? Ofisi yangu hii hapa, kitanda changu pale."

Dada akacheka kidogo. Akapiga mlango wa dereva kwa kiganja, mara mbili, chini ya dirisha, kama mtu anavyompiga bega anayemuaga, kisha akapanda teksi.

Jumamosi tatu Kioo alitii. Ya nne akateleza. Kulikuwa na mteja mmoja mwenye nyumba kubwa, na mara ya mwisho Kioo alipokwenda kwake kupima kabati alikwenda kwa miguu, jasho linamtiririka, na mlinzi akamwambia mafundi wanapita mlango wa nyuma. Neno lile lilimkaa rohoni. Sasa alitakiwa kurudi kupima milango ya kabati, na gari lilikuwa pale, linanguruma, ufunguo ndani. Akavaa shati jeupe. Mlinzi hakuuliza kitu, alifungua geti kubwa akapiga na saluti. Nakuambia, Kioo alipima milango ile akiimba.

Akarudi salama mpaka kwake. Kosa lilimngoja kwenye geti lake mwenyewe. Nguzo ya geti hilo ilikuwa na bawaba moja iliyochomoza nje, na mkewe alikuwa amesema kwa mwaka mzima kwamba bawaba ile ipigwe nyundo kabla haijamtoa mtu jicho. Kioo alikata kona huku bado akiiwaza saluti. Mlio ulioanza kwenye bawa la mbele upande wa kushoto ulikwenda taratibu, ukapita mlango wa kwanza, ukaishia mlango wa nyuma.

Mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliangalia gari, akaangalia bawaba, na kwa hisani yake hakusema lolote kuhusu bawaba.

"Mpigie wifi," alisema. "Sasa hivi."

"Nitampigia."

"Simu si hiyo mfukoni?"

"Mke wangu, kule kuna mjamzito ndani ya nyumba. Nimtie presha kwa mkwaruzo? Nitengeneze kwanza, nimwambie likiwa zima."

"Mficha uchi hazai," mkewe akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Dada alipiga mwenyewe kesho yake, Jumapili. Mtoto amezaliwa, wa kike, mama yake mzima, kila kitu heri. Kioo alishangilia kwa moyo wote. Halafu dada akauliza, "Na gari yangu haijambo?"

"Haijambo, dada. Jana imepumua dakika kumi kamili."

Simu ilipokatika alikuta shati limemlowa mgongoni. Alikuwa na nafasi na maneno, na alikuwa na dada mwenye furaha upande wa pili, siku ambayo angesamehewa hata kuchoma nyumba. Akaiacha ipite.

Kwa hiyo Jumatatu akafunga karakana kwa wateja, akatoa msasa. Alijiambia kwamba vanishi ni vanishi. Gari nalo lina rangi, na juu ya rangi lina klia, ule utando wa mwisho usio na rangi unaoipa mng'ao na kuikinga na jua. Mtu aliyepaka meza elfu atashindwaje na mlango? Alinunua rangi ya bluu iliyolinganishwa kwa macho, klia, na kopo dogo la hadina, ile dawa ya kuigandisha klia. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na kopo aliiweka chini ya mguu wa benchi lililokuwa linayumba.

Hadina akaimimina kwa jicho, kama alivyozoea kumimina kila kitu. Klia ikang'aa vizuri sana, ila haikukauka. Siku ya pili ilinata. Siku ya tatu ilinata, na sasa ilikuwa imekamata unga wa mbao, nzi wawili, na unyoya mmoja wa kuku wa jirani. Akakwangua yote akaanza upya, safari hii kwa kikombe cha kupimia alichokiiba jikoni.

Mara ya pili ikakauka, lakini ilikuwa imelia. Michirizi ya klia iliteremka mlangoni ikagandia chini kwa matone manene. Kioo alikaa juu ya ndoo akiitazama, na ilimchukua muda kuelewa jambo ambalo mtoto angeliona: meza imelala, mlango umesimama. Miaka thelathini alipulizia vitu vilivyolala. Juu ya meza unaweza kumwaga, vanishi haina pa kwenda. Mlangoni unatakiwa kupita mbali kidogo, haraka, tabaka jembamba, usubiri lishike kabla ya kuongeza jingine. Akayakata matone kwa wembe, akasugua kwa msasa laini na maji, akarudia. Michirizi ikaisha, na moyo ukamtulia.

Ndipo vikaja vishimo. Alikuwa hajaweka chini bunduki ya kupulizia, klia ikaanza kufunguka yenyewe, vishimo vidogo vya mviringo, kama mafuta yanavyojitenga juu ya mchuzi. Alikwangua akapaka tena. Vikarudi, vingi zaidi. Akatoa maji yaliyojikusanya kwenye tangi la kompresa, akabadilisha mpira wa upepo, akamwagia maji ardhi yote ili vumbi lilale. Vikarudi. Wiki mbili zikaliwa na vishimo. Na kila Jumapili simu ililia, na kila Jumapili gari lilikuwa halijambo.

Mkewe akaacha kusema. Hilo ndilo lilimtesa zaidi, kwa sababu mke anayekusema bado ana matumaini na wewe.

Mwisho akajikaza, akaenda kwenye duka la rangi za magari mtaa wa tatu. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, ambaye alipaka malori kwa mikono yake mpaka kifua kilipogoma akahamia kwenye kuuza.

"Mama, shikamoo. Kuna rafiki yangu anapaka gari nyumbani," Kioo alianza.

"Marahaba. Rafiki yako ana shida gani?"

Akaeleza vishimo. Mama wa duka akasikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani.

"Rafiki yako kazi yake nini?"

"Samani. Anang'arisha samani."

"Basi mwambie rafiki yako anuse mikono yake."

Kioo, bila kufikiri, akanusa yake. Mama wa duka akatazama pembeni kwa adabu, mabega yanamtikisika. Kisha akamwambia kwa upole kwamba ile polishi ya kupuliza inayotumika kwenye meza ina aina ya mafuta ambayo klia haiwezi kukaa juu yake. Yakiwa kwenye kitambaa, yanahamia kwenye gari. Yakiwa kwenye aproni, ukiegemea tu umeyapaka. Hata hewani yanaruka, yakatua. Na ukipiga msasa kabla hujayaosha, unayasugua yaingie zaidi.

"Aoshe kwa sabuni na maji ya moto kwanza, msasa baadaye," alisema. "Halafu afute kwa dawa ya kutoa mafuta, vitambaa viwili vipya, kimoja cha kupaka, kimoja cha kukausha papo hapo. Na gari litoke huko karakana, lisimame uani. Mara nyingi shida ya klia haiko kwenye klia, baba. Iko chini yake. Juu unaona majibu tu."

Kioo akaitikia kwa kichwa, akaona aibu mpaka masikioni.

"Na klia ikikauka asidanganyike. Juu itakuwa kavu, ndani bado mbichi. Mwezi mzima asiioshe kwa sabuni kali na asiegemeze chuma. Hata ufunguo utaacha alama. Msalimie rafiki yako."

Alifanya kama alivyoambiwa, hatua kwa hatua, akiwa amevaa fulana mpya iliyotoka dukani ikiwa na mikunjo. Siku moja mvua ilinyesha asubuhi, akapulizia bado hewa ina unyevu, klia ikaota ukungu mweupe. Hilo akaliondoa, akajifunza kungoja jua la saa sita. Kisha, Ijumaa moja, upande wa kushoto ukakauka bila kishimo, bila mchirizi, bila ukungu. Kioo alijiona mlangoni mpaka nyuzi za fulana. Alimwita mkewe kwa sauti.

Mkewe akaja, akasimama mbele ya gari, akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia.

"Zimekuwa gari mbili," akasema.

Ilikuwa kweli. Rangi ya zamani ilikuwa imefifia kwa jua la miaka, na ile mpya ilikuwa bluu kama daftari la shule. Hata asiyejua gari angeuliza. Mtu mwingine hapo angeshika simu. Kioo alishika msasa. Akapaka boneti ilingane na bawa. Boneti ikalisuta paa, akapaka paa. Paa likalisuta buti. Kosa la urefu wa milango miwili likazunguka gari zima, na baada ya wiki nyingine tatu likafika upande wa kulia, mlango wa dereva.

Alishautazama mlango huo kila siku bila kuuangalia. Sasa alikuwa ameupigia goti, na usawa wa macho yake palikuwa na alama. Chini kidogo ya dirisha, upana wa vidole viwili, rangi ilikuwa imelika mpaka kwenye praima, ile rangi ya kijivu ya msingi, na katikati, padogo kama punje ya mahindi, mpaka kwenye chuma. Ilikuwa laini, bila ukingo. Saa ya shemeji ilikaa hapo miaka kumi na tisa, kila kona, kila shimo la barabara.

Kioo akagusa. Chuma kilichoachwa wazi miaka miwili kingekuwa kimeota kutu. Hiki hakikuwa na kutu hata chembe. Kidole kilirudi na mafuta, akanusa, mafuta ya nazi. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akipapaka hapo mara kwa mara, kwa ncha ya kidole, pasiharibike. Hakuhitaji kuambiwa nani.

Alikaa chini kabisa, ardhini, mgongo ameuegemeza kwenye gurudumu. Akafikiri kuizungushia alama ile tepu ya karatasi na kuiacha. Na aliizungushia kweli, mraba mdogo safi. Kisha akarudi nyuma hatua tatu akatazama. Gari zima jipya na doa moja la zamani katikati ya mlango lingepiga kelele. Dada angeuliza kwa nini yote isipokuwa hapa, na jibu la swali hilo lingeanzia kwenye bawaba. Akiifuta, labda asingeuliza. Wajane wanasahau, alijiambia, ingawa mafuta yalikuwa bado kidoleni.

"Hiyo usiiguse." Mkewe alikuwa amesimama mlango wa jikoni.

"Itaota kutu."

"Haijaota mpaka leo."

"Mke wangu, niache nimalize kazi."

Akaibandua tepu. Akaosha, akaziba kwa puti, akapiga msasa mpaka kiganja hakikusikia kitu. Ilikuwa kazi safi, na alipoimaliza alijichukia.

Klia ya mlango ule ilikubali kila mahali isipokuwa pale. Vishimo vilifunguka sehemu ile ile, upana wa vidole viwili. Msije mkadhani ni mzimu. Ni mafuta ya nazi, yalikuwa yamepenya ukingoni mwa rangi ya zamani, na klia haipendi mafuta ya aina yoyote, hata yaliyopakwa kwa mapenzi. Akakwangua, akaosha kwa maji ya moto, akapaka, vikarudi, akaosha tena. Mara ya tatu alama ikafa. Jumapili iliyofuata dada aliuliza kama gari halijambo, na Kioo akajibu kwa sauti ndogo hata dada akasema mtandao mbaya.

Dada alirudi Alhamisi alasiri, siku mbili kabla ya siku aliyoitaja. Teksi ilimshusha getini. Gari lilikuwa uani, jua limelipiga, na hakukuwa na kioo cha duka lolote pale mtaani kilichong'aa namna ile. Kioo alitoka karakana akiwa na kitambaa kipya cha klia mkononi. Mkewe alipokea begi la wifi yake, akamkumbatia, akarudi mpaka mlango wa jikoni akasimama hapo.

Dada alilizunguka gari polepole. Alianza kushoto, akapita milango iliyomkosesha mdogo wake usingizi bila hata kusimama. Akapita nyuma. Akafika upande wa kulia, akanyoosha mkono, akaweka kiganja chini ya dirisha la dereva. Kiganja kikaenda mbele, kikarudi nyuma, kikaenda tena. Saa ikamteleza mpaka kwenye kifundo.

"Umeipaka yote," alisema.

"Yote, dada."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Umejitesa, mdogo wangu. Ili nikirudi niikute nzuri." Akatabasamu, na ilimgharimu. "Ahsante sana."

Mkono ulikuwa bado pale. "Hapa palikuwa na alama. Ndogo tu. Najua hukuiona. Kazi ikiwa kubwa hivi mtu hawezi kuona kila kitu."

Kioo alimwelewa. Dada alikuwa anamkingia tena, kama siku ya chimni. Safari hii hata hakujua anamkingia kosa gani. Kilichobaki ni yeye kuitikia kwa kichwa, na mambo yangeishia hapo, laini, bila ukingo. Aliona miguu ya mkewe pale mlango wa jikoni na hakuthubutu kupandisha macho.

"Niliiona, dada."

Dada akageuka.

"Niliiona. Nilijua ni ya shemeji. Na nilijua mafuta ni yako. Nikaifuta."

Baada ya hapo yalitoka yote, na si kwa mpangilio. Saluti ya mlinzi ilitangulia bawaba, nzi wakatangulia saluti, Jumapili zote nane akazitaja kila moja na uongo wake. Alilia, mwanamume wa miaka hamsini na miwili, akijifuta kwa kitambaa kipya cha klia. "Na chimni ya taa," akamalizia. "Chimni nayo ni mimi."

"Chimni najua ni wewe," alisema dada. "Aliyechapwa si nilikuwa mimi?"

Akaligeukia gari.

"Huo mkwaruzo ulikuwa upande gani?"

"Ule wa kushoto."

"Mkubwa?"

"Kutoka bawa la mbele mpaka mlango wa nyuma."

Akatikisa kichwa taratibu. "Ungeniachia hivyo hivyo. Upande ule ningekuona wewe na haraka zako, upande huu ningemwona yeye. Gari yangu ingekuwa na watu wangu. Sasa haina mtu."

Hakupandisha sauti. Kioo angetoa vidole vyake kumi ili apandishe.

Dada akaomba ufunguo. Akaingia, akasogeza kiti mbele, akawasha. Betri ilikuwa nzima, hiyo angalau. Akateremsha kioo, akautoa mkono wa kulia nje na kuulaza juu ya mlango, na saa ya chuma ikagusa klia. Ulisikika mlio mwembamba. Kioo alishtuka kabla hajajizuia, kama fundi yeyote angeshtuka.

"Dada, klia bado..."

"Bado nini?"

"Bado mbichi. Mwezi haujaisha. Ikiguswa na chuma sasa hivi inashika alama."

"Vizuri," alisema dada. Akausogeza mkono mbele na nyuma, mara moja, akaondoa gari. Getini alipita katikati kabisa.

Kioo alisimama mpaka mlio wa injini ukaisha. Kisha akaingia karakana, akatafuta nyundo, akaenda kuipiga ile bawaba.